Akili Haikumwua Kazimoto

Pana fundisho moja katika uhakiki wetu wa riwaya ambalo limeenea kwa muda mrefu hata limekuwa kama sheria isiyotaka ushahidi. Fundisho lenyewe ni hili: kadiri mtu azidivyo kuwa na akili, ndivyo azidivyo kuwa na ukiwa, mjinga hucheka na wenzake barazani, mwerevu hulia peke yake chumbani. Husemwa darasani, huandikwa katika majibu ya mitihani, hurudiwa katika dibaji na makala. Wanafunzi wameliokota kwa waalimu, waalimu wameliokota vitabuni, na sasa limekwisha kuvuka mipaka ya vitabu na kuingia nyumbani mwa watu. Nakusudia kulipinga. Nalipinga kwa sababu vitabu vinavyotajwa kuwa mashahidi wake havilishuhudii, na kwa sababu madhara yake kwa vijana wetu si madogo.

Haki yataka hoja ya mpinzani ielezwe kwanza kwa nguvu zake zote. Wasemao hivi hawasemi ovyo. Mhubiri wa Biblia alikwisha kuziweka hekima na huzuni katika mizani moja. Al-Mutanabbi, malenga wa Kiarabu wa karne ya 10, alikwisha kulalamikia mzigo wa akili. Katika miaka ya 1820 Mrusi Aleksandr Griboyedov alitunga mchezo ambao jina lake laweza kufasiriwa Msiba wa Akili. Kijana mwerevu anayeitwa Chatsky anasema kweli mbele ya watu wakubwa wa Moscow, na watu hao wanaambiana kwamba ameingiwa na wazimu. Kwetu ipo Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, na ipo methali iliyo midomoni mwa kila mtu: akili nyingi huondoa maarifa. Mashahidi hawa ni wazito, na anayetaka kuwapinga hapaswi kujifanya hakuwaona.

Tuanze na methali, maana ndiyo inayotajwa kwa haraka kuliko vyote. Methali hii haisemi kwamba akili huondoa furaha, wala haisemi kwamba huondoa marafiki. Yasema huondoa maarifa. Wahenga walimwangalia mtu anayejitia ujanja katika kazi asiyoijua, akaacha njia iliyokwisha kupimwa na wengi, kazi ikamharibikia. Hilo ni onyo juu ya mtu kujitegemea peke yake mahali ambapo shauri la wenzake lilihitajika. Kwa hiyo methali hii, ikisomwa vizuri, hukemea upweke wa mwerevu. Haiuhesabu kuwa ni ajali yake aliyoandikiwa. Na ubavuni pake imesimama nyingine ambayo wapinzani wangu hawaitaji kamwe: akili ni nywele, kila mtu ana zake. Aliyesema maneno hayo hakuiona akili kuwa ni mali ya mtu mmoja aliyetengwa kilimani. Aliiona kila kichwani.

Sasa na tumhoji shahidi mkubwa, naye ni Kazimoto. Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alitoa Kichwamaji mwaka 1974. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Anarudi kijijini kwao wakati wa likizo, kichwa kimejaa maswali juu ya Mungu, ndoa, mila na maana ya maisha, na mwisho wa kitabu anajiua. Kwa wengi hesabu yaishia hapo: maswali mengi, kisha kifo, basi maswali ndiyo yaliyoua. Wengine huongeza kwamba mwandishi alikunywa katika kisima cha udhanaishi wa Ulaya, na kwamba Kazimoto ni ndugu wa wale wapweke wa riwaya za Ufaransa.

Walakini kitabu chenyewe chasema mengi yanayoachwa nje ya hesabu hiyo. Rukia, dada yake Kazimoto, alitiwa mimba na Manase, kijana aliyesoma na kupata cheo wilayani; na Rukia akafa. Moyo wa Kazimoto ukawaka kwa kisasi. Kisha akamwoa Sabina, dada wa huyo huyo Manase. Nyumbani kwa Manase yumo mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi, na Kazimoto naye alipopata mtoto, msiba ukawa ule ule. Nauliza: katika misiba hii, upi uliozaliwa na akili? Mimba ya Rukia ililetwa na cheo kisicho na haya. Kisasi kililetwa na hasira. Mtoto yule aliletwa na maradhi yaliyotoka katika uasherati. Sioni hata mmoja ambao mtu angeweza kuuepuka kwa kuwa mjinga zaidi.

Na hapa pana jambo ambalo wahakiki wengi hulipita mbio. Manase si mtu wa maswali. Hakuna mahali anaposumbuka juu ya maana ya maisha. Husumbuka juu ya cheo chake na starehe yake. Lakini msiba ulioingia nyumba ya Kazimoto ulikuwa umekwisha kuingia nyumba ya Manase. Mwandishi ameziweka nyumba hizo mbili zikitazamana makusudi: moja ya mtu anayewaza mchana na usiku, nyingine ya mtu asiyewaza. Kama akili ndiyo iliyoleta balaa katika ile ya kwanza, ile ya pili iliponzwa na nini? Swali hili lamtosha mtu yeyote aliyepata kuandika katika karatasi ya mtihani kwamba Kazimoto aliuawa na kufikiri kwingi.

Yaliyomwua yamo kitabuni. Kazimoto alikuwa na macho makali ya kuona uovu, lakini hakuwa na mtu wala kazi ya kuipa akili yake. Shule ilimtoa kwao ikamwonyesha njia ya kwenda. Njia ya kurudi haikumwonyesha. Alipofika kijijini alikuwa mgeni anayefahamu kila kitu na asiyetakiwa kwa lolote. Akili ikabaki kama moto usio na chungu juu yake: hauivishi chakula, huteketeza nyumba. Aliyemwacha katika hali hiyo ni ulimwengu uliomsomesha bila kumwambia anasomea nani. Kumlaumu moto kwa kukosa chungu ni dhuluma.

Wapo wanaokimbilia Marekani kutafuta shahidi mwingine. Daniel Keyes alitoa mwaka 1959 hadithi fupi, akaipanua kuwa riwaya mwaka 1966, iitwayo Flowers for Algernon. Katika riwaya hiyo Charlie Gordon, mtu mzima mwenye akili ya mtoto, anafanya kazi ndogo ndogo katika duka la mikate. Wataalamu wanampasua kichwa, kama walivyokwisha kumfanyia panya aitwaye Algernon. Akili yake inakua kwa miezi michache hata kuwapita wale waliompasua, kisha inashuka tena mpaka ilikotoka. Wakati wa kupanda kwake anawapoteza wale wa dukani aliowaita rafiki. Wapinzani wangu hushangilia: tazama, alipokuwa mjinga alikuwa na marafiki, alipokuwa na akili akawa peke yake!

Marafiki gani? Watu wale walimcheka Charlie siku zote, wakamfanyia mizaha aliyodhani ni mapenzi. Akili haikumnyang'anya rafiki hata mmoja. Ilimwonyesha kwamba hakuwa naye. Upweke wake ulikuwapo tangu zamani, umefunikwa kwa kicheko, na siku alipoufunua wakamtaka aondoke kazini. Ni kweli kwamba alipofika kileleni aliingiwa na kiburi na ubaridi, na mwandishi hakumficha aibu hiyo. Lakini aliifahamu aibu yake kwa akili ile ile. Mwenye kusema kwamba ingekuwa heri abaki akichekwa pasipo kujua, na ajiulize kama angependa heri hiyo kwa mwanawe.

Turudi nyumbani, kwa kitabu ambacho kingepaswa kumaliza ubishi huu tangu mwaka 1951. Katika Kusadikika, Shaaban Robert amesimulia habari za Karama, aliyeshtakiwa na waziri Majivuno kwa sababu alitaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Akisimama kizimbani, Karama awasimulia mfalme na madiwani habari za wajumbe waliopata kutumwa nchi za mbali kutafuta mambo ya kuifaa nchi yao. Wajumbe hao walikwenda kwa taabu na kurudi na maarifa. Na tuzo waliyopewa ilikuwa kifungo. Hapo tunao watu wenye akili nyingi walio katika ukiwa mkubwa kabisa, yaani ukiwa wa gereza. Lakini nani aliyewatia humo? Akili zao? Mlango wa gereza una kufuli, na kufuli ina mkono ulioifunga. Shaaban Robert aliutaja mkono huo kwa jina lake, na jina lake ni Majivuno. Tena hakuishia hapo: Karama aliposikilizwa mpaka mwisho, aliachiwa huru, na wajumbe wakatolewa kifungoni. Mtu yule yule, akili ile ile. Kilichogeuka ni masikio ya baraza.

Hebu tulitie jambo hili katika mfano mmoja. Watu kumi wamo katika mashua, na mmoja wao ana macho makali kuliko wote. Yeye ndiye wa kwanza kuona kwamba ubao umeachia na maji yanaingia. Hapana shaka kwamba tangu saa hiyo raha imemtoka. Wenzake waimba, yeye moyo wamdunda. Uchungu huo ni wa kweli, na sijaribu kuukanusha. Lakini uchungu si ukiwa. Akisema, na wenzake wakasikia, wote watashika vyombo wafue maji, naye atakuwa mpendwa wao mpaka bandarini. Akinyamaza akajitupa baharini kwa kukata tamaa, huyo ni Kazimoto. Akisema, nao wakamfunga kamba kwa kuwavurugia nyimbo, hao ndio wajumbe wa Kusadikika. Katika hali zote tatu macho ni yale yale. Anayesema kwamba macho ndiyo yaliyoleta ukiwa hakuitazama mashua.

Mtu huweza kuniuliza: yuko wapi, katika hadithi zetu, mwenye akili aliyefika bandarini? Wako wengi, ila hatuwasomeshi kwa jina hilo. Abunuwasi hana mali wala cheo, ana akili tu. Na hadithi zake hazipungui watu: mfalme, kadhi, majirani, wafanyabiashara, wote wamo, na wote huishia kucheka au kuaibika mbele yake. Sungura wa hadithi za watoto humshinda fisi kwa akili, na hakuna mtoto aliyepata kumhurumia sungura kwa upweke. Shehrazadi wa Alfu Lela Ulela aliingia chumba cha mauti akiwa na akili na kumbukumbu ya hadithi nyingi, akaokoa roho yake na za wanawake wengine. Na hakuweza kuifanya kazi hiyo bila dada yake kuwapo na bila mfalme kusikiliza. Akili yake ilihitaji masikio kama tanga linavyohitaji upepo.

Na katika riwaya yupo Utubora. Kitabu chake, Utubora Mkulima, kilitoka mwaka 1968, miaka sita baada ya Shaaban Robert kufariki. Utubora ni karani hodari anayeacha kazi ya mshahara mjini, akaenda kulima Busutamu, na huko maarifa yake yakawa faida kwa majirani. Najua kwamba wahakiki wengi humdharau. Wamsema kuwa ni mwema mno, hana giza moyoni, ni mahubiri yaliyovikwa kanzu. Labda. Lakini na tuangalie kwamba kosa hilo, kama ni kosa, ni la uchoraji. Halithibitishi kwamba mwerevu mwenye furaha hawezi kuwapo. Ni rahisi kumchora mwenye akili anayekufa, kwa maana kifo hufunga kitabu chenyewe. Kumchora mwenye akili anayeishi, anayegombana na jirani juu ya mpaka na kesho yake wakala sahani moja, hiyo ndiyo kazi ngumu, na waandishi wetu wengi wameikimbia.

Wala ushahidi haumo vitabuni peke yake. Mbweni, kaskazini ya jiji la Dar es Salaam, ni mahali pazuri pa kulipima fundisho hili. Sehemu ya juu zimejengwa nyumba za waliosoma na waliofanikiwa, na nyingi zimezungukwa na kuta ambazo mtu hawezi kuchungulia hata akisimama juu ya kigoda. Mabwana wenye shahada hukaa miaka kumi bila kulijua jina la jirani. Teremka ufukweni, utawakuta wavuvi wameketi karibu na ngalawa zao, wanabishana juu ya upepo, bamvua na maji mafu, na mahali samaki walipohamia. Asidhani mtu kwamba ubishi ule ni wa wajinga. Kuifahamu bahari ni elimu kubwa, na anayekosea mtihani wake harudi kuufanya tena. Lakini mvuvi mwenye akili kuliko wenzake hatengwi. Hufanywa nahodha, na maneno yake husubiriwa kabla ya chombo kushuka majini. Basi wa juu wana upweke na wa chini hawana, na wote wana akili. Tofauti yao ni ukuta. Ukuta hujengwa kwa matofali na saruji, na aliyeujenga aweza kuufungua mlango.

Kama fundisho hili ni la uongo, kwa nini limedumu? Limedumu kwa sababu lina watu wa kulifaidi, nao ni wa namna mbili. Wa kwanza ni mwenye nguvu asiyependa kuulizwa. Huyo hufurahi sana kusikia kwamba mwenye kufikiri ni mgonjwa kwa tabia yake. Maana akimfunga, akimfukuza au akimziba mdomo, ulimwengu utasema kwamba mtu yule alikuwa mpweke tangu zamani. Waziri Majivuno asingepata wakili mzuri kuliko mhakiki wa namna hii. Wa pili ni msomi mwenye kiburi. Huyo huandika maneno yasiyofahamika, husalimia watu kwa ncha ya kidevu, na akiachwa peke yake hujifariji kwamba upweke ndio ushahidi wa ubora wake. Hana haja ya kujirekebisha, kwa maana fundisho limekwisha kumtakasa. Fundisho linalompendeza jabari na mwenye kiburi kwa wakati mmoja linastahili kutiliwa shaka.

Na wapo wanaolilipia. Wa kwanza kati yao ni mabinti. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na ambayo iliwahi kupigwa marufuku shuleni, husomwa na wengi kama onyo kwamba shule humharibu msichana. Lakini msomaji mwenye haki ataona kwamba ukiwa wa Rosa ulianzia nyumbani, kwa baba yake Zakaria, aliyemchapa kwa barua ya mvulana na kumfungia asiyajue mambo ya dunia; akatoka kwenda shule akiwa na akili ya darasani, na bila mtu mmoja mzima wa kusema naye kweli. Aliponzwa na yale aliyofichwa, na sisi tumegeuza tukasema aliponzwa na yale aliyofundishwa. Msichana wa leo akisikia hukumu hiyo kutoka kinywani mwa mwalimu wake, atajifunza jambo moja: afiche akili yake asije akakosa mume, rafiki na raha. Atanyamaza anapolijua jibu. Atacheka mzaha asioupenda. Hasara hiyo haionekani katika hesabu ya mitihani, lakini taifa huilipa kila siku.

Mimi ni mwalimu wa fasihi, na kazi yangu ni kuuliza maswali. Nawaomba waalimu wenzangu tubadili swali. Tusimwulize mwanafunzi: je, akili huleta furaha au ukiwa? Swali hilo ni kama kuuliza iwapo kisu huleta chakula au jeraha. Tumwulize: mtu huyu wa riwaya ameipata wapi akili yake, anamtumikia nani kwayo, nani anamsikiliza, na nani anafaidika akinyamazishwa? Maswali manne hayo yatamfungulia Kichwamaji, Kusadikika, Rosa Mistika na hata vitabu vya ng'ambo, na hatatoka darasani akiwa na hofu ya kichwa chake mwenyewe.

Kwa waandishi nina ombi moja. Tumekwisha kuzika wenye akili wa kutosha. Makaburi yao yamejaa katika riwaya zetu, na kila mwaka vijana huongozwa kuyazuru kwa ajili ya mtihani. Tupatieni sasa mwenye akili aliye hai: aone ubao ulioachia, aseme, abishiwe, akasirike, asikilizwe nusu, arudie tena, na usiku uingiapo awe bado yumo chomboni pamoja na wenzake, maji yakiwa yamepungua kidogo. Mtu wa namna hiyo yupo kila mtaa. Bado hajaandikwa.